Mara Tatu Kwenye Bomba

Ua wa chuo cha ufundi hapa Garsen ni wa mabati upande wa barabara na wa waya upande wangu. Kibanda changu cha chai kimeegemea ule wa waya, kwa hivyo kila kinachofanyika katika uwanja wa karakana ya pampu nakiona nikiwa nimeketi, nitake nisitake. Nimekiona miaka minne. Mwanangu Tasnim amezaliwa ndani ya miaka hiyo, na ukiniondoa mimi na babake, mtu aliyemwona zaidi ni Mwalimu Godhana.

Godhana huja saa nne asubuhi, wanafunzi wakienda mapumziko. Hunywa chai ya rangi isiyo na sukari na hula mahamri mawili, la kwanza kwa haraka, la pili polepole. Hukaa akiutazama uwanja kama mtu aliyeacha chungu motoni. Ni mrefu, mikono yake ina makovu madogo madogo, na ukizungumza naye hukuinamishia sikio la kulia, kwa kuwa la kushoto liliharibiwa na injini za dizeli.

Ni Mpokomo wa Kulesa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwendesha pampu kando ya Tana, akivuta maji ya mto kuyapeleka mashambani. Alifundishwa kazi na fundi, si na shule. Halafu ikaja amri kwamba kila mwendesha pampu awe na cheti, naye hakuwa nacho. Habari hiyo alinipa siku moja kwa maneno machache.

"Walikuja vijana wawili wenye vyeti. Niliwaonyesha pampu wiki mbili, wakanishukuru, nikaenda nyumbani."

Chuo kilimchukua awe mtunza vifaa. Baadaye ikaonekana kwamba wanafunzi wa uhandisi wa mitambo wakikwama humwendea yeye, akapewa somo la vitendo. Anaitwa mwalimu, ingawa kwenye karatasi za chuo bado ni msaidizi wa karakana. Masomo ya darasani hufundishwa na Mwalimu Shamsudin, mkuu wa idara, mtu wa kalamu tatu mfukoni, mwema, mwenye haraka.

Kila mwaka Godhana huwatayarisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa mtihani ambao yeye mwenyewe hajawahi kuufanya. Wengi hupita. Wakishapita, huenda Mombasa kutengeneza majokofu, au hubaki hapa hapa stejini wakiendesha bodaboda, cheti kimelala sandukuni kwa mama. Katika miaka saba ya kufundisha hakuna hata mmoja wao aliyepata kazi kwenye pampu ya mto. Na kazi hiyo ndiyo aliyowatakia. Tangazo lolote la kazi likibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, alikuwa akilipiga picha kwa simu na kunijia nimsomee, kwa sababu miwani yake huisahau nyumbani kila siku.

"Mmoja tu," aliniambia. "Akae pale nilipokaa mimi, na karatasi yake mkononi, asije mtu akamwondoa."

Mwaka jana alidhani amempata. Aliitwa Nasteha.

Nasteha ni binti wa mzee Molu, mfugaji wa Kiorma. Kwao ni huko uwandani, mwendo wa nusu siku kutoka mtoni, na alipokuja chuoni aliuogopa mto kuliko simba. Darasani walikuwa watano, msichana yeye peke yake. Alivaa ovaroli juu ya dera, mtandio ameuchomeka shingoni usije ukashikwa na mkanda wa injini. Babake alimruhusu kusoma bila maneno mengi. Alimwambia, ukipata kazi nitakuwa baba wa mtu wa pampu; usipopata, mbuzi wako wapo. Na mbuzi walikuwapo kweli. Kila akipiga simu nyumbani aliambiwa wamefika wangapi.

Sasa ni lazima nieleze habari ya kugonga, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka.

Bomba la kuvuta maji hutoka kwenye pampu, likashuka ukingoni hadi likazama mtoni. Mwisho wake una kichujio, na kichujio hunasa majani na mizizi. Kikiziba, mwendesha pampu hana budi ashuke hadi majini akisafishe kwa mkono. Na mamba hupenda kivuli cha lile bomba. Kwa hivyo waendesha pampu wa zamani, kabla ya kushuka, hulipiga bomba kwa spana mara tatu, wakahesabu hadi thelathini macho yakiwa majini, ndipo wakashuka. Sauti husafiri ndani ya chuma hadi chini. Kama kuna kitu kimelala, kitajisogeza, na maji yatakiumbua.

Godhana alikuwa na mwenzake wa zamu, Silas. Siku moja Silas alikuwa na haraka. Sasa yuko Tarasaa, ana duka, na hufunga sukari kwa mkono mmoja na meno. Kila darasa jipya, Godhana hulipeleka dukani kwa Silas kunywa soda. Hasemi neno. Wanakunywa, wanamwona akiwafungulia chupa, wanarudi Garsen. Jumamosi inayofuata huwapeleka mtoni, kwenye pampu ya kikundi cha wakulima, na hakuna anayeuliza kwa nini wanagonga.

Uwanjani pia aliwataka wagonge. Pampu ya chuo huvuta maji kutoka kwenye tangi la plastiki, lakini aliwaambia mkono uzoee, usiwe na mahali pa kugonga na mahali pa kutogonga. Wanafunzi walimwita Mzee Hodi. Tahir, aliyekuwa mcheshi wa darasa, aligonga kisha akainama kwenye tangi.

"Hodi humu. Wenyewe wapo, au wameenda sokoni?"

Nasteha hakufanya mzaha. Aligonga hadi Mwalimu Shamsudin akasikia ofisini. Tasnim wangu naye alijifunza kugonga kabla ya kujifunza kutembea. Nikimpa kikombe hukipiga kwa kijiko mara tatu, ndipo anakunywa. Kuhesabu hahesabu, lakini husubiri kidogo.

Mwezi wa tano Shamsudin alikuja kibandani na karatasi. Ilikuwa mpya, ya kutolea alama za mtihani wa vitendo, kila hatua na alama zake. Godhana alikuwa kwenye hamri la pili.

"Mzee, hebu soma hapa, penye usalama."

"Sina miwani. Nisomee."

"Mtahiniwa asigonge wala kupiga sehemu yoyote ya mtambo kwa kifaa. Akigonga, alama zote kumi za usalama zinaenda."

"Mwaka jana haikuwepo."

"Mwaka huu ipo."

"Na mamba?"

"Mzee wangu, ndani ya tangi hakuna mamba."

"Leo hakuna."

"Hata kesho hatakuwepo. Ni tangi la plastiki." Shamsudin alicheka, nami nikacheka. Godhana hakucheka. Shamsudin akavuta kiti. "Sikukatazi. Mtoni wagonge mpaka bomba lipasuke. Lakini siku ile, hapa uwanjani, wasiguse. Alama kumi si mchezo. Huyo Nasteha wako nadharia yake ni ya katikati. Akizipoteza hizo, atakuwa kwenye ukingo."

Godhana aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Kesho yake niliwasikia wakifundishwa: mtoni gongeni, uwanjani msigonge. Wakaendelea hivyo wiki tatu. Kila aliyesahau alizungushwa uwanja mara mbili mbio, jua la saa sita. Nasteha alizunguka kuliko wote.

Jumamosi ya nne, mtoni, Tahir alishuka moja kwa moja hadi majini bila kugonga. Habari hii aliniletea mwenyewe.

"Nilisahau tu, Mama Tasnim. Mzee alinidaka kwa ukosi wa ovaroli kama paka abebavyo kitoto chake."

"Kulikuwa na kitu?"

"Hakukuwa na kitu. Lakini mzee aliketi pale ukingoni mpaka tukarudi."

Jumatatu Godhana aliliacha hamri la pili.

"Mkono ni mmoja," aliniambia. "Ukiufundisha mambo mawili, utashika lile jepesi."

"Sasa utafanyaje?"

"Karatasi wanaihitaji."

Mafunzo yakaendelea vilevile, huku hivi, kule vile.

Katika wiki hizo tangazo lilitoka. Kituo cha pampu cha mradi wa kunyunyizia mashamba, njia ya Bura, kilitaka waendesha pampu wawili wa kuanza kazi wakijifunza, wazaliwa wa kaunti, wenye masomo ya uhandisi wa mitambo. Wanaongoja matokeo waliruhusiwa kuomba wakiwa na barua ya chuo. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa wiki mbili baada ya mtihani. Nilimsomea Godhana mara mbili, na mara ya pili alikuwa amelifumba lile jicho analolifumba akisikiliza injini.

Basi saa za alasiri meza yangu ikawa darasa. Wote watano walikuja na barua zao, lakini aliyekuwa akitayarishwa, kila mtu alijua, ni Nasteha. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nane na Godhana hakufika hapo, kwa hivyo Nasteha alitufasiria.

"Hapa nimesema mimi ni mtu wa bidii, mwaminifu, niko tayari kujifunza."

"Umeyatoa wapi?"

"Saiba. Yule kijana wa kompyuta pale saiba anayo tayari, unaweka jina tu."

"Hayo hata mwizi ataandika," Godhana akasema. "Ile siku pampu ya kikundi ilipokuwa inavuta hewa, nani aliona?"

"Mimi."

"Uliona nini?"

"Gasketi imekauka, imepasuka upande wa chini. Nikakata nyingine kwenye tyubu ya gurudumu."

"Ikashika?"

"Mpaka leo."

"Andika hivyo."

Aliandika. Barua iliyotoka ilikuwa fupi kuliko za wenzake. Haikuwa na neno bidii.

Kisha wakaanza kujaribu mahojiano. Tahir aliketishwa juu ya kreti ya soda awe bosi, akakunja nne na kuazima kalamu zote tatu za Shamsudin.

"Binti, karibu. Tuambie, kwa nini tukuchukue wewe, tuwaache wanaume mia waliosimama hapo nje?"

Nasteha alitazama chini. Chai ikafurika, nikakimbilia sufuria.

"Kwetu mtu hajisifu," alisema mwishowe.

"Basi jisifu kama unayesifu ng'ombe wenu," Tahir akamwambia.

Wenzake walicheka. Nasteha hakukasirika, alikuwa anafikiri.

"Ng'ombe hasifiwi kwa maneno matupu," akasema. "Unasema amezaa mara ngapi, na kiangazi kipi alivuka akiwa hai."

"Sema hivyo juu yako," Godhana akamwambia.

Akasema. Alisema ni pampu ngapi amezifungua na kuzifunga, ni ipi ilimshinda na kwa nini, na kwamba mwaka wa kwanza alitapika kwa kuuogopa mto na wa pili hakutapika. Tahir alishuka kwenye kreti.

"Umepata kazi," alisema. "Nenda kamwambie babako auze mbuzi."

Mtihani wa vitendo ulifanyika katikati ya mwezi wa saba. Mtahini alitoka mbali, mtu wa makamo mwenye shati la buluu na ubao wa kuandikia. Nilimpelekea chai, akaniitikia vizuri na kumuuliza Tasnim jina. Godhana hakuruhusiwa kuwa uwanjani, kwa hivyo alikaa kwangu, nyuma ya waya, kiti amekigeuza.

Wanne walitangulia. Walijaza pampu maji, wakakagua mikanda, wakawasha, wakasoma mita, wakazima. Hakuna aliyegonga. Tahir alipomaliza alitutupia macho, akatembea kama bwana harusi.

Akaja Nasteha. Ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi. Alizungukia pampu, akagusa mikanda, akachukua spana kutoka kwenye meza. Akasogea penye bomba na kulipiga mara tatu.

Godhana aliweka kikombe chini.

Nasteha mwenyewe alishtuka baadaye kidogo. Nilimwona akiitazama ile spana kama ni ya mtu mwingine. Lakini midomo yake haikusimama. Alikuwa anahesabu, na alihesabu hadi mwisho, macho kwenye tangi la plastiki.

"Hiyo ilikuwa ya nini?" mtahini akauliza. Hakuwa mkali.

"Ya mamba, mwalimu."

Mmoja wa wavulana alicheka puani.

"Kuna mamba ndani ya tangi?"

"Hakuna."

"Unajua hakuna?"

"Najua. Mkono haujui."

Mtahini alimtazama kidogo, akaandika. Akamwambia endelea. Nasteha aliendelea, na yaliyobaki aliyafanya sawasawa, hata mimi nisiyejua pampu niliona hakutetereka. Alipozima alizipanga spana kwa ukubwa, akazifuta kwa kitambaa, akatoka.

Alikuja hadi kwenye waya. "Nimeanguka, Mwalimu."

"Hujui bado."

"Alama kumi. Umetuzungusha uwanja wiki saba."

"Mkono ule niliufunza mimi," Godhana akasema. "Nikaja nikaukataza. Kosa si la mkono."

Wenzake walituma maombi yao wiki ile ile. Nasteha alikuja kibandani, akaniomba nimhifadhie barua, nikaitia kwenye kopo la majani ya chai. Alisema hana haja ya kuomba kazi ya watu waliopita. Alianza kufunga virago. Siku zilikwenda, zikabaki tatu kabla ya mwisho wa maombi.

Godhana hakumsihi. Sikumsikia hata mara moja akimwambia tuma. Alichofanya ni kuja asubuhi moja wakati si wake, saa mbili, akamkuta Nasteha ananisaidia kukanda unga.

"Nawa mikono," akamwambia. "Twende Tarasaa tukanywe soda."

Walirudi adhuhuri. Nasteha alinyoosha mkono, nikampa kopo, akaitoa barua ikinuka majani ya chai.

"Silas alikuambia nini?" nilimuuliza.

"Hakuniambia kitu. Aliuliza kama nataka baridi au isiyo baridi."

Akaenda ofisini kwa Shamsudin kutaka barua ya chuo. Shamsudin aliipiga chapa mwenyewe na kuituma pamoja na ya maombi, kabla ya swala ya alasiri.

Matokeo yalipotoka, Tahir alikuwa na alama nzuri kuliko wote. Nasteha alipita. Alikuwa kwenye daraja la chini kabisa la kupita, ukiteremka kidogo umeanguka, lakini alikuwa ndani. Godhana alinitaka nimsomee lile neno kwenye simu mara tatu. Nasteha aliitwa kwenye mahojiano, na Tahir pia, na wengine tisa wa kutoka Hola na kwingineko. Kumi na mmoja, nafasi mbili, na yeye ndiye aliyekuwa na alama za chini zaidi.

Yaliyotokea huko alinisimulia jioni ile ile, ameketi kwenye kreti, Tasnim mapajani. Kwanza waliulizwa maswali ofisini. Alijieleza kama alivyojieleza mbele ya Tahir. Kisha mkuu wa kituo, mama mmoja anayeitwa Bi Sadia, akawatoa nje hadi ukingoni.

"Kichujio kimeziba," akawaambia. "Spana hizi hapa, glavu hizi hapa. Mmoja mmoja. Wengine kaeni kule nyuma ya nyumba ya pampu, msiwatazame wenzenu."

Mlinzi alisimama ukingoni na filimbi. Kutoka nyuma ya nyumba ya pampu walikuwa wakisikia: mtu anakwenda, kimya kidogo, filimbi. Mwingine, filimbi. Walidhani filimbi ni ya kuita anayefuata.

Ilipofika zamu yake, Nasteha alichukua spana, akafika penye bomba, akasimama. Mto huo ulikuwa wa kweli, mwekundu kwa mvua za juu, na hauonyeshi kitu hata kwa kina cha kiganja. Mkono ulikuwa umeinuka. Akaushusha. Alikumbuka mtu wa shati la buluu akiandika.

"Naomba kuuliza," alisema. "Naruhusiwa kugonga bomba?"

"Unaniuliza mimi?" Bi Sadia akasema.

"Kuna mahali niligonga nikakatwa alama."

"Hapa hakuna wa kukukata alama. Kuna wa kukukata mguu."

Nasteha akagonga mara tatu, akahesabu thelathini, akatia mguu kwenye ngazi. Filimbi haikulia; kumbe ilikuwa ya kumzuia anayeshuka bila kugonga. Kabla hajagusa maji Bi Sadia alimwambia inatosha, arudi.

"Nani alikufunza kugonga?"

"Mwalimu wetu, Mzee Godhana."

"Na nani alikufunza kuuliza kwanza?"



Godhana alikuwepo wakati Nasteha anasimulia, amesimama karibu na waya. Nilidhani atafurahi. Alilirudia jambo moja tu.

"Uliuliza kwanza."

"Niliuliza, Mwalimu."

"Mkono umeinuka, ukaushusha."

"Ndiyo."

Alikaa, akasugua goti. "Ilifaa nikuache ulivyokuwa," akasema.

Wiki iliyofuata darasa la mwaka wa pili lilipoingia uwanjani, aliwasimamisha mbele ya tangi na kumpa kila mmoja spana. Shamsudin alitoka ofisini na ile karatasi.

"Mzee, tulikubaliana."

"Tulikubaliana, na nimevunja. Hawa watagonga. Mtoni, uwanjani, mtihanini, hata harusini kwao wakikuta bomba."

"Watapoteza alama kumi, kila mmoja."

"Nawe wafundishe nadharia wapate kumi zaidi. Mimi nitawakalisha Jumapili pia. Zitapatikana kwingine."

Shamsudin aliangalia wale wanafunzi, akaangalia karatasi. Alisema ataiandikia bodi kuomba kipengele hicho kitazamwe kwa vyuo vya huku mtoni, na kwamba asitegemee jibu. Godhana akamwambia andika. Tangu siku ile Shamsudin huanza darasa saa moja badala ya saa mbili, na mimi huwasha moto mapema zaidi kwa sababu hiyo.

Waliochukuliwa kazini ni kijana mmoja wa Hola na Nasteha, miezi mitatu ya majaribio kwanza. Tahir alisema filimbi ile bado anaisikia akilala. Ameenda Mombasa kwenye majokofu, na humtumia Tasnim salamu.

Simu ya Nasteha ilikuja Jumatano ya wiki yake ya kwanza, saa nne, kwa kuwa anajua Godhana huwa wapi saa nne. Niliiweka spika na kuilaza mezani upande wa sikio lake zima. Nyuma ya sauti ya Nasteha injini ilikuwa inanguruma.

"Mwalimu, leo kichujio kimeziba. Nimeshuka mwenyewe."

"Ulimwuliza mtu?"

"Sikumwuliza."

"Uligonga mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukahesabu?"

"Hadi thelathini."

Godhana aliisogelea simu.

"Ukaona nini?"

"Maji tu."

"Haya," akasema. "Rudi kazini, injini inakuita." Akanirudishia simu, akachukua hamri la pili, akalila polepole.